Krimu ya Nyumbani: Anza Bila Maji

Jani la muwa hukata. Anayeshinda shambani Awendo, Migori, akipalilia au akikata miwa anaijua mikwaruzo myembamba inayojaa mikononi na shingoni, inayowasha jasho likiingia na kugeuka magamba kufikia jioni. Ongeza masizi ya mashamba yanayochomwa kabla ya kukatwa, vumbi la barabara ya Rongo na Migori wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, na sabuni ya kipande ambayo katika nyumba nyingi hufua nguo na kuogesha watu. Tangu Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, SONY, ianzishwe mwaka 1976, mji huu umekua kwa miwa, na miwa haina huruma kwa ngozi. Mafuta ya kujipaka hapa ni kitu cha lazima, kama chumvi.

Siku hizi wengi wanataka kuyatengeneza wenyewe. Wapo waliochoshwa na bei za dukani. Wapo wanaoogopa majina marefu yaliyoandikwa nyuma ya chupa. Vyama vya akina mama navyo vinatafuta biashara ndogo isiyohitaji mashine. Naunga mkono haja zote tatu, na nataka watu wafanikiwe. Ila nimeona akina mama wakianza na kazi ngumu kuliko zote, yaani losheni laini nyeupe yenye maji, kwa sababu ndiyo inayofanana na ya dukani. Wiki mbili baadaye kopo linanuka, au limeota madoa ya kijani, au limejitenga mafuta juu na maji chini. Wanavunjika moyo na kuacha. Ushauri wangu wote unaanzia hapo: anza na mafuta mazito yasiyo na tone la maji. Ukiyamudu hayo, losheni utaifikia baadaye ukiwa na vifaa.

Sababu yake ni hii. Bakteria na kuvu huhitaji maji ili waishi na kuzaana. Mafuta matupu na nta havina maji, kwa hiyo wadudu hao hawapati pa kukaa. Kinachoweza kuharibika ni mafuta yenyewe kuchacha kwa hewa, mwanga na joto, na kuchacha huko utakunusa mapema. Ukishatia maji, maji ya waridi, utomvu wa shubiri, maziwa au juisi ya tango, umewapa wadudu chakula na kinywaji. Ubaya ni kwamba krimu inaweza kuwa imejaa bakteria kabla hujaona doa wala kusikia harufu. Mtu mwenye ngozi nzima huenda asidhurike. Mkata miwa mwenye mikwaruzo, mtoto mwenye ukurutu au mgonjwa wa kisukari mwenye nyufa miguuni anaweza kupata maambukizi yatakayomlaza hospitalini.

Kabla ya kuwasha jiko, ni vizuri kujua kazi ya kila kiungo. Mafuta ya maji, kama ya alizeti, simsim au nazi, hulainisha na kuziba mianya midogo kati ya chembe za ngozi ya juu. Nta na mafuta mgando hukaa juu ya ngozi na kuzuia unyevu uliomo usitoroke. Gliserini huvuta maji na kuyashika, lakini ni ya kuchanganywa na maji. Ukiipaka peke yake wakati wa ukavu inaweza kuvuta unyevu kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Hakuna mafuta yanayotia maji kwenye ngozi. Ndiyo maana wakati bora wa kujipaka ni dakika chache baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na umajimaji: mafuta yatayafungia ndani maji yaliyoko. Ukibadilisha saa ya kujipaka tu, bila kubadilisha mafuta, utaona tofauti.

Wazee wetu Wajaluo hawakuwa na losheni. Walijipaka mafuta ya ng'ombe, mo dhiang', na mafuta ya mbegu. Kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, ndugu zetu Waacholi na Walango wanakamua mpaka leo mafuta ya mti wa shea, ambayo Waacholi huyaita moo yao. Shea ya huko ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa sababu ina asidi nyingi ya oleiki, na kwa mikono iliyochanika sijui kitu cha asili kinachoipita. Haya yote ni mafuta yasiyo na maji.

Sasa twende kazini. Kwa mafuta mazito ya mwili mzima, pima gramu 20 za nta ya nyuki, gramu 40 za shea na gramu 60 za mafuta ya alizeti au simsim. Uwiano huo wa sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta unafaa hali ya hewa ya Awendo. Ukitaka ya nyayo na visigino, au ya mkata miwa atakayeibeba mfukoni juani, ongeza nta ifike gramu 25 au 30 ili isiyeyuke. Ukitaka laini zaidi ya kupaka usiku, teremsha nta hadi gramu 15. Usidanganyike na mafuta ya nazi kwa sababu tu uliyaona yameganda asubuhi: huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na mchana yatakuwa maji tena. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 60, na ndiyo itakayoshikilia mchanganyiko wako usimwagike.

Nunua mzani. Nasisitiza, kwa sababu hiki ndicho kifaa ambacho watu hukiona cha anasa. Mzani mdogo wa jikoni wa betri unaopima gramu moja moja utakupa mafuta yaleyale kila mara. Kijiko hakipimi uzito: kijiko cha nta iliyokunwa na kijiko cha nta iliyoyeyuka ni vitu viwili tofauti. Mteja aliyepata kopo laini mwezi huu na kopo gumu kama mshumaa mwezi ujao hatarudi.

Nta inapatikana kwa wafugaji wa nyuki. Wapo Migori na wapo upande wa Homa Bay. Mara nyingi huja chafu, ina masega, asali na miguu ya nyuki. Isafishe hivi: iweke katika sufuria yenye maji mengi, pasha taratibu mpaka iyeyuke, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kisha acha ipoe bila kuitikisa. Nta itaelea na kuganda juu. Itoe, kwangua uchafu ulioshika upande wa chini, rudia mara ya pili, kisha iache ikauke kabisa kwa siku moja au mbili kabla ya kuitumia, maana maji yaliyobaki ndani yake ndiyo yale yale tunayoyakimbia. Tenga sufuria kwa kazi hiyo. Nta haitoki kirahisi, na nani anataka ugali wenye ladha ya mshumaa?

Kuyeyusha kunahitaji utulivu. Usiweke nta na mafuta moja kwa moja juu ya moto wa makaa au gesi, kwa sababu mafuta yakizidi moto hushika moto. Weka bakuli la chuma au kopo safi ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, na nta iyeyuke kwa joto la maji hayo. Nta itangulie, kisha mafuta ya maji, na shea iwe ya mwisho ikiwa umeshaepua. Shea iliyopashwa sana na kupoa polepole hufanya chembechembe kama mchanga. Haidhuru ngozi, lakini inakera mkononi. Dawa yake ni kuipoza haraka: weka bakuli ndani ya maji baridi na ukoroge mpaka mchanganyiko uanze kuwa mzito, ndipo umimine. Watoto wakae mbali. Mafuta ya moto hushikamana na ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji. Moto ukiwaka ndani ya bakuli, ufunike kwa mfuniko na uzime jiko, usimwage maji.

Kabla ya kumimina, chovya kijiko baridi, kiache dakika chache, kisha pima kwa kidole. Ikiwa gumu mno, ongeza mafuta kidogo. Ikiwa laini mno, ongeza nta. Makopo yawe yameoshwa, yamechemshwa kama ni ya kioo au chuma, na yamekauka kabisa. Tone moja la maji chini ya kopo laweza kuotesha kuvu. Ukipenda, tumbukiza mafuta ya kapsuli chache za vitamini E. Hapa naomba nieleweke: vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui bakteria. Vivyo hivyo asali kidogo, maji ya limau, chumvi au mafuta ya mkaratusi. Hakuna hata kimoja kitakachoilinda krimu yenye maji, hata kama muuzaji ameapa.

Mafuta gani ya kuchagua? Kwa watu wengi hapa alizeti ndiyo jibu. Ni rahisi kupata na yana asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji kujenga ukuta wake. Soma kibandiko, kwa sababu mafuta mengi ya kupikia madukani ni ya mawese hata kama picha ya chupa haisemi hivyo. Yawe mapya, wala usitumie yaliyokaangiwa mandazi. Mafuta ya alizeti huchacha mapema kuliko ya nazi, kwa hiyo tengeneza kiasi cha kutumia ndani ya miezi mitatu au minne na uyahifadhi gizani. Simsim, nyim, yana harufu ya chakula lakini ni mazuri. Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa, tena watu huyanunua kwa bei ya juu wakidhani wanamtendea mtoto mchanga hisani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Sheffield, Uingereza, ulionyesha kwamba mafuta hayo hudhoofisha ukuta wa ngozi, huku ya alizeti yakiuacha salama. Weka zeituni kwenye kachumbari.

Njugu zinalimwa sana Ndhiwa, Rongo na vijiji vya hapa kwetu, na mtu atajiuliza kwa nini asitumie mafuta yake. Mtu mzima mwenye ngozi isiyo na tatizo anaweza. Mtoto mchanga, hasa mwenye ukurutu, asipakwe. Mwaka 2003 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti uliohusisha krimu zenye mafuta ya njugu kwa watoto wenye vipele na mzio wa njugu uliojitokeza baadaye. Mwili unaokutana na njugu kwa mara ya kwanza kupitia ngozi iliyochubuka hujifunza kuziona kama adui. Mtoto ale njugu wakati wake ukifika, asipakwe.

Kuhusu watoto wachanga niongeze jambo moja tu. Hawahitaji manukato, mkaratusi wala mnanaa. Jeli ya mafuta ya petroli, ile aliyoipatia hati miliki Robert Chesebrough huko Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, bado ni mojawapo ya vitu salama kabisa kwa ngozi, haina maji, haichachi, na ni nadra sana mtu kupata mzio kwa sababu yake. Wanaouza bidhaa za asili huisema vibaya. Mimi siisemi vibaya. Kama huna muda wa kuyeyusha nta, nunua jeli isiyo na manukato, mpake mtoto akitoka kuoga, na moyo wako utulie.

Shubiri, ogaka, inastahili maneno yake. Karibu kila boma lina shina moja, na watu huikata na kutia utomvu wake ndani ya mafuta. Wazo hilo ni baya kwa sababu mbili. Kwanza, ute wake karibu wote ni maji, kwa hiyo umeyavunja yote tuliyosema. Pili, chini ya ganda la jani kuna utomvu wa manjano ambao huwasha ngozi. Ukitaka kuitumia, kata jani, lisimamishe sehemu iliyokatwa ikiangalia chini mpaka umanjano uchuruzike, ondoa ganda, osha ute, paka siku hiyohiyo na ukibaki utupe. Usiende kung'oa za porini kwa ajili ya biashara. Kuvuna shubiri mwitu kulipigwa marufuku Kenya kwa amri ya rais mwaka 1986, kanuni za mwaka 2007 zikafuata, na shubiri zote isipokuwa ile iitwayo Aloe vera zimo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Panda yako.

Na sukari, maadamu tuko Awendo? Inafaa kusugulia visigino na viwiko. Changanya sukari na mafuta kiasi cha kuogea mara moja, sugua taratibu kwenye ngozi iliyolowa, suuza. Usiiweke kwenye kopo bafuni, kwa sababu kila mkono wenye maji unaoingia huleta wadudu. Uso usiuguse: chembe za sukari ni kali. Wala usisugue ngozi iliyokatwa na majani ya miwa. Hiyo inahitaji kuoshwa kwa maji safi na sabuni, kukaushwa na kupakwa mafuta.

Ukishayamudu mafuta mazito na bado unataka losheni, sawa, sasa tuzungumze juu ya maji. Maji na mafuta havikai pamoja bila kitu cha kuvishikanisha. Nta ya nyuki peke yake haiwezi. Galeni, tabibu aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alipiga pamoja nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, na krimu yake ilipata jina la krimu baridi kwa sababu maji yalijitenga na kupoza ngozi mara ilipopakwa. Baadaye watu waliongeza boraksi ili ishikane, lakini sishauri boraksi kwa ngozi iliyochubuka wala ya watoto. Unachohitaji ni nta maalumu ya kushikanisha mafuta na maji, inayouzwa na maduka ya kemikali za vipodozi Kisumu na Nairobi, pamoja na kihifadhi halisi.

Kwa gramu 100 za losheni: maji gramu 70, gliserini 5, mafuta ya alizeti 16, nta ya kushikanisha 6, asidi ya steariki 2, kihifadhi 1. Maji yawe yaliyotoneshwa, ya kununua kwenye duka la dawa. Ukiyakosa, tumia ya chupa ya kunywa na uyachemshe upya. Maji ya Mto Sare, ya kisima au ya tangi yana madini na udongo hata yakichemka. Jihadhari pia na chupa za vituo vya petroli: pale kuna maji ya kujazia betri na kuna asidi ya betri, na chupa zake hufanana. Kwa kazi ya ngozi usizinunue kabisa.

Weka maji na gliserini kwenye chombo kimoja, mafuta, nta na asidi ya steariki kwenye kingine, vyote ndani ya sufuria ya maji ya moto. Vipashe vifike nyuzi 70 hadi 75 na uvishikilie hapo dakika 20. Mimina maji ndani ya mafuta huku ukikoroga kwa nguvu, au tumia blenda ya mkono uliyoitenga kwa kazi hiyo, na usiache kukoroga mpaka ipoe. Ikifika nyuzi 40 tia kihifadhi. Kile cha fenoksiethanoli hutumika kisizidi asilimia 1 na kinafaa kwa anayeanza. Bensoeti ya sodiamu na sorbeti ya potasiamu ni rahisi kupata, lakini hufanya kazi tu krimu ikiwa na uasidi wa kutosha, yaani pH ya 5 au chini yake. Bila karatasi za kupimia utakuwa unajidanganya. Fuata kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na usiongeze ukidhani utapata ulinzi zaidi. Hutapata, utapata vipele. Bila kihifadhi, losheni hiyo ikae kwenye friji na itupwe kabla ya wiki kwisha, na nyumba nyingi hazina friji wala umeme wa kuaminika. Ndiyo maana nasema tena: kama huna kihifadhi, usitengeneze losheni.

Wengine wamegundua njia ya mkato, nayo ni marhamu nyeupe ya kopo kubwa iliyo kwenye maduka ya dawa, ile iliyotengenezwa ishikane na maji, ambayo wanaipiga na maji moto mpaka inajaa kama krimu. Inashika vizuri. Lakini ina sodiamu laurili salfeti, aina ya sabuni, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba krimu ya namna hiyo ikiachwa kwenye ngozi ya mtoto mwenye ukurutu yaweza kuichoma na kuiwasha. Itumieni kuogea mahali pa sabuni, kisha suuzeni.

Bidhaa yoyote mpya, hata uliyoipika mwenyewe, ijaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Usitie limau: mafuta ya ganda lake yakipigwa na jua huacha madoa meusi na hata malengelenge. Usitie magadi wala soda ya kuokea, maana ngozi yenye afya ina uasidi wa karibu pH 5 na soda huuondoa.

Jua nalo lisidharauliwe. Hakuna krimu ya jua ya kutengeneza jikoni. Nazi, shea, karoti, hata poda ya zinki uliyoikoroga kwa mkono haitakulinda, kwa sababu chembe zisipotawanywa sawasawa zinaacha matundu usiyoyaona. Kwa mtu mwenye ualbino kosa hilo linaishia kwenye saratani. Anayetaka kuona jinsi kazi hii inavyofanywa Afrika Mashariki aangalie Moshi, Tanzania, ambako Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoko hospitali ya KCMC kinatengeneza krimu ya Kilisun kwa watu wenye ualbino. Pale kuna wafamasia na maabara. Hapa Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapatia krimu ya jua bure kupitia hospitali za umma. Kama una mtoto mwenye ualbino, mwandikishe, mvishe kofia pana na mikono mirefu, na mafuta yako ya shea yawe ya usiku.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma. Katika masoko yetu, wanaojiita watengenezaji wa krimu za nyumbani wengi hawatengenezi chochote. Wananunua tyubu za dawa za steroidi kama klobetasoli na betamethasoni, krimu zenye haidrokwinoni, wakati mwingine zenye zebaki, wanazikoroga na losheni ya kawaida na kuziuza kwa jina la mchanganyiko wa kung'arisha. Mteja hung'aa kweli wiki za kwanza. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari, inaota chunusi na mba, na haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Zebaki huingia mwilini, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kutoka kwa mama hufika kwa mtoto aliye tumboni.

Sisi wa Migori tunaijua zebaki. Ndiyo ile wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Macalder wanayoitumia kukamatia dhahabu. Mwaka 2001 jopo la watafiti wa Japani wakiongozwa na Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwafuatilia waathiriwa wa zebaki wa Minamata, walichapisha matokeo ya vipimo vya nywele za watu wa Kenya, na waliokutwa na zebaki nyingi walikuwa watumiaji wa sabuni za kung'arisha ngozi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwisho wa 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, na viwango vya vipodozi vya Afrika Mashariki vinakataza zebaki na haidrokwinoni. Bado ziko sokoni. Nawasihi vijana na akina mama wanaoanza biashara hii: msiingie huko, hata mteja akiwaomba na kuweka pesa mezani.

Ukiamua kuuza, fanya biashara inayoonekana. Andika kwenye daftari kila pishi: tarehe, uzito wa kila kiungo, ulinunua wapi, namba ya pishi. Weka kopo moja la kila pishi nyumbani ulichunguze mwezi kwa mwezi. Kibandiko kiwe na jina la bidhaa, jina lako na mahali ulipo, viungo vyote kuanzia kilicho kingi, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda. Usiandike kwamba yanaponya ukurutu au choa. Ukisema yanatibu, umeingia uwanja wa Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa alama ya ubora, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina ofisi Kisumu, na Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, KIRDI, nayo ina kituo hukohuko kinachosaidia wajasiriamali wadogo. Chama kinachoenda kwa pamoja hugawana nauli na gharama za vipimo. Katika hesabu ya bei, weka kopo, kibandiko, makaa na saa zako za kazi; wengi husahau saa zao, kisha hushangaa kwa nini wanauza sana na hawana kitu.

Na wewe uliye na kopo la mchanganyiko kabatini, lisilo na orodha ya viungo, unalolipaka usoni kila usiku: usiliache ghafla peke yako kama umelitumia kwa miezi, maana ngozi iliyozoea steroidi hulipuka vipele na kuwaka moto ikiachishwa mara moja. Libebe kopo lenyewe uende hospitali ya kaunti ndogo ya Awendo, umwonyeshe daktari, umweleze umelitumia muda gani. Usione haya. Nenda wiki hii.